Moyo wa Mfalme na Daftari la Hazina

Wapo miongoni mwetu watu wanaoipenda historia ya wafalme wa Ulaya wa karne ya 18 kama wengine wanavyoipenda kandanda. Wengi wameifikia kwa njia ya filamu, kama ile ya Sofia Coppola ya mwaka 2006 kuhusu Marie Antoinette, kisha wakaendelea na vitabu. Wanazijua nasaba hadi kwa mabinamu. Wanajua nani alipatana na mama mkwe wake na nani hakupatana, nani alilala chumba cha peke yake, nani alilia siku ya harusi. Kila mwaka nakutana na vijana wa aina hii katika kazi yangu ya ualimu wa chuo kikuu, na nawafurahia kwa dhati, maana kijana anayebishana kwa tarehe na majina ni bora kuliko yule anayebishana kwa sauti.

Hata hivyo, mijadala yao ina kasoro moja ambayo nadhani si yao peke yao. Kila mfalme amepatiwa wakili na mwendesha mashtaka. Upande mmoja wasema Marie Antoinette alikuwa mwanamke katili aliyefuja mali ya wanyonge. Upande wa pili wasema alikuwa binti asiye na hatia, aliyeozwa akiwa na miaka 14 katika nchi ya ugenini. Upande mmoja wasema Louis XVI alikuwa mpumbavu. Wa pili wasema alikuwa mpole aliyezaliwa wakati mbaya. Wanabishana usiku kucha, na swali linabaki lile lile: je, alikuwa mtu mwema au mtu mbaya?

Hoja yangu ni kwamba swali hilo, kwa utamu wake wote, linatuficha siasa yenyewe. Naomba nieleze kwa mifano.

Tuanze na maneno maarufu ambayo kila mtu anayajua kumhusu Marie Antoinette: kwamba alipoambiwa wananchi hawana mkate, akajibu basi wale keki. Hakuna ushahidi kwamba aliyasema. Kisa kama hicho kimo katika kumbukumbu za maisha ya Jean-Jacques Rousseau, ambaye alimtaja binti wa kifalme bila jina, na aliyaandika hayo wakati Marie Antoinette akiwa bado mtoto huko Vienna. Ndivyo ilivyo pia kwa kashfa ya mkufu wa almasi ya mwaka 1785. Mkufu ule uliuzwa kwa livre milioni 1.6. Tapeli mmoja, Jeanne de La Motte, alimshawishi Kadinali de Rohan aamini kwamba malkia anautaka kwa siri. Malkia hakuuagiza wala hakuupokea. Lakini Mahakama Kuu ya Paris ilipomwachia kadinali huru mwezi Mei 1786, watu walishangilia kana kwamba aliyehukumiwa ni malkia.

Mawakili wa malkia husimama hapa na kutangaza ushindi. Hawajashinda chochote. Sasa tufungue daftari la hazina.

Mwaka 1788 serikali ya Ufaransa ilikadiria kutumia livre milioni 629, ilhali mapato yake yalikuwa milioni 503. Katika matumizi hayo, livre milioni 318, yaani zaidi ya nusu, zilikwenda kulipa madeni. Gharama za kasri na jamaa ya kifalme, pamoja na magauni yote na karamu zote, zilikuwa kama asilimia 6. Madeni mengi yalitokana na vita, na vita vya karibuni kabisa vilikuwa vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza, ambavyo Ufaransa ilijiunga navyo mwaka 1778. Malkia angevaa gunia maisha yake yote, hazina ingefilisika vile vile.

Kwa nini basi Wafaransa walilichukia gauni badala ya kulichukia deni? Sehemu ya jibu ni kwamba gauni lilionekana, deni halikuonekana. Mwaka 1781 waziri wa fedha, Jacques Necker, alichapisha hesabu za mfalme kwa mara ya kwanza, na kijitabu chake kikanunuliwa kama njugu. Ndani yake wasomaji walikuta malipo ya wapambe wa kasri yameorodheshwa. Gharama zisizo za kawaida za vita hazikuwamo, na hesabu zikaonyesha ziada ya livre milioni 10. Wananchi waliosoma walihitimisha lililokuwa mbele ya macho yao: kama nchi ina taabu, walaji ni hao wa kasri.

Umbea uliozagaa haukumdhuru malkia peke yake. Uliwapumbaza pia walioueneza. Mwaka 1793, mahakama ya mapinduzi ilipomshtaki, ilifika mahali pa kumzulia kwamba alimharibu mwanawe mwenyewe, naye akawageukia akina mama waliokuwemo ukumbini. Wakati huo huo, kosa lake la kisiasa lililo zito, yaani kuwapenyezea Waaustria habari za mipango ya vita ya Ufaransa mwaka 1792, lilitajwa bila hati za kulithibitisha. Barua zilizolithibitisha zilikuja kujulikana baadaye. Alikuwa na jambo la kujibu, nao walimuuliza jambo lingine.

Nenda sasa kwa mumewe. Louis XVI alirithi kiti mwaka 1774 akiwa na miaka 19, na alitaka kupendwa na raia wake. Mwaka 1779 aliwafungua wakulima waliokuwa wamefungwa kwenye ardhi za mfalme. Mwaka uliofuata alipiga marufuku kuwatesa washtakiwa ili wakiri. Wanaomtetea wana haki: moyo wake ulikuwa bora kuliko wa wafalme wengi. Lakini moyo huo ulikaa juu ya mfumo ambao wakuu na makasisi walisamehewa kodi nzito zilizomwangukia mkulima. Waziri wake Calonne alipopendekeza kodi ya ardhi itakayolipwa na wote, mfalme aliliita baraza la watu mashuhuri mwezi Februari 1787. Watu mashuhuri hao walikuwa ndio wasamehewa. Wakakataa. Mahakama Kuu ya Paris nayo ikakataa. Baraza Kuu la Matabaka, ambalo ndilo lingeweza kuhalalisha kodi mpya, lilikuwa halijakutana tangu mwaka 1614. Mwezi Agosti 1788 hazina ikasimamisha sehemu ya malipo yake. Wema wa mfalme haukuwa na mlango wa kupitia.

Mfano wa tatu ndio unaonishawishi kuliko yote. Msimu ule ule wa mwaka 1788, ng'ambo ya mlango bahari, mfalme George III wa Uingereza alipatwa na wazimu. Alizungumza kwa saa nyingi bila kukoma. Alifungwa kwa vazi la kumzuia mikono. Nchi yake nayo ilikuwa na deni kubwa mno kutokana na vita vile vile vya Marekani, tena ilivishindwa, na zaidi ya nusu ya kodi zake zilikwenda kulipa riba. Kwa kipimo cha mashabiki wetu, huyu ndiye aliyepaswa kuanguka. Hakuanguka. Waziri Mkuu William Pitt na mpinzani wake Charles James Fox walibishana bungeni juu ya nani awe kaimu mfalme na kwa mamlaka gani. Muswada ukaandaliwa. Mfalme akapona mwezi Februari 1789, na tarehe 23 Aprili akaenda kanisa la Mtakatifu Paulo kumshukuru Mungu. Siku 12 baadaye, Baraza Kuu la Matabaka likafunguliwa Versailles, na ufalme wa Ufaransa ukaanza safari yake ya mwisho.

Mfalme mgonjwa wa akili alibaki. Mfalme mzima na mpole akaondoka. Tofauti haikuwa katika nafsi zao. Deni la Uingereza lilidhaminiwa na Bunge, hesabu zake ziliwekwa mbele ya Bunge, na wenye ardhi waliokaa katika Bunge hilo walilipa kodi ya ardhi waliyoipitisha wenyewe. Mkopeshaji hakuhitaji kujua mfalme ameamkaje. Naomba nieleweke vizuri: siimbi sifa za Bunge lile. Wapiga kura walikuwa wachache mno, viti vingine vilinunuliwa kama mifugo, na biashara ya watumwa iliendelea kwa ridhaa yake hadi mwaka 1807. Nasema tu kwamba lilikuwa na uwezo wa kuendesha nchi bila kutegemea afya ya mtu mmoja.

Mtu atanipinga, na ana hoja nzuri. Atasema: mbona tabia ya mtawala iliwahi kugeuza vita? Mwishoni mwa mwaka 1761 Friedrich II wa Prussia alikuwa ukingoni mwa kushindwa. Mwezi Januari 1762 Elizabeth wa Urusi akafa, na kiti kikaenda kwa mpwa wake, Peter III. Huyu alimhusudu Friedrich kwelikweli. Akafanya naye amani, akamrudishia ardhi zilizotekwa, na damu ya askari wa Urusi ikawa imemwagika bure. Miezi michache baadaye mkewe, Catherine, akampindua, naye akafa siku chache baada ya kupinduliwa.

Nakubali kila neno la kisa hicho. Lakini kinathibitisha nini? Kwamba Urusi ilijengwa kwa namna ambayo mapenzi ya mtu mmoja kwa mfalme wa kigeni yaliweza kufuta vita vya miaka kadhaa bila yeyote kuulizwa. Ambapo tabia ya mtawala inaamua kila kitu, tumekwisha kuujua ugonjwa, na dawa yake si kumtafuta mtawala mwenye tabia nzuri zaidi.

Catherine mwenyewe ni ushahidi. Alisoma sana, aliandikiana na Voltaire, akampokea Diderot huko St Petersburg mwaka 1773. Mwaka 1767 alitoa mwongozo wa sheria uliojaa fikra za zama mpya. Kisha akawagawia vipenzi vyake wakulima kwa maelfu, na mwaka 1785 akatia muhuri hati ya haki za makabaila. Kiti chake alikipata kwa mikono ya makabaila hao. Hakuwa na nguvu nyingine ya kukalia. Stanisław Poniatowski, aliyekuwa mpenzi wake ujanani, aliwekwa mfalme wa Poland mwaka 1764 kwa msaada wake. Wapenzi wa hadithi za mahaba hulipenda sana jambo hili. Lakini Poland ilikuwa na bunge ambalo mbunge mmoja aliweza kuvunja kazi yote kwa kusema hapana, na majirani watatu walijua kumnunua mbunge huyo. Poland ilipojirekebisha kwa katiba ya tarehe 3 Mei 1791, Catherine alituma majeshi. Baada ya migawanyo ya 1772, 1793 na 1795, Poland ilifutwa kwenye ramani kwa miaka 123. Mapenzi ya zamani hayakuokoa hata kijiji kimoja.

Ndugu msomaji, unaweza kuuliza haya yanatuhusu nini sisi tusio na wafalme wa Versailles. Yanatuhusu kwa sababu tunayo mazoea yale yale. Sikiliza tunavyozungumza juu ya viongozi wetu: huyu ana huruma, yule ana kiburi, mke wa huyu anapenda makuu, mtoto wa yule ana gari la kifahari. Tunapima mioyo ambayo hatuwezi kuiona, na tunaliacha mezani daftari ambalo tungeweza kulisoma. Kiongozi mjanja hufurahia hali hiyo, kwa maana ni rahisi kuonyesha unyenyekevu mbele ya kamera kuliko kueleza deni lilikopwa kwa riba gani.

Siwaombi wapenzi wa historia waache raha yao. Nafsi za watu wale zinavutia, na wengine walikufa vifo vya kusikitisha. Ninachoomba ni kwamba kila wanapofungua kesi ya mtawala, wa jana au wa leo, waongeze maswali matatu. Nani alilipa kodi, na nani alisamehewa? Hesabu za dola ziliwekwa mbele ya nani? Na mtawala alipokosea, ni nani aliyekuwa na uwezo wa kisheria wa kumwambia hapana, akalala nyumbani kwake usiku ule? Taifa lisiloweza kujibu swali hilo la tatu halina la kufanya ila kumwombea mtawala wake awe mtu mwema. Wafaransa waliomwombea Louis walijibiwa, na bado haikuwasaidia.