Barua ya wazi kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu: Mchanga wa Kinyasungwe ulindwe



Kiangazi kikikolea, Kinyasungwe Ndogo haifanani na mto. Ng'ombe hukatiza, na mjenzi huona mchanga wa bure. Kumbe mkondo huo mkavu ni mojawapo ya milango ambayo maji huingilia ardhini kuelekea bonde la Makutupora, ambako visima vya Mzakwe huvuta maji ya jiji la Dodoma.

Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, takriban yote kati ya Novemba na Aprili. Mvua ya kawaida huishia kwenye jua na mizizi. Vipimo vya kina cha maji Makutupora, vilivyoanza miaka ya 1950, ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za aina hiyo katika ukanda wa tropiki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kati ya 1955 na 2010, misimu 7 tu ndiyo iliyoleta zaidi ya nusu ya maji yote yaliyojaza mwamba unaotunza maji chini ya bonde. Msimu wa El Nino wa 1997/98 ulitia fora. Katika vipindi vya kati ya misimu hiyo, maji ya ardhini yalishuka mwaka baada ya mwaka.

Tangu 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo, jibu la kwanza la kiu limekuwa kuchimba visima zaidi. Kisima hakiongezi maji.

Bodi inaombwa kuanza na mchanga wa mkondo huo ambao maji huingilia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kudhuru hifadhi ndani ya mita 60 za kingo, ila kwa mto unaotanda uwandani masika, mita 60 ni kidogo. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu maeneo ya hifadhi yatangazwe. Mkondo wote ulipo juu ya bonde utangazwe hivyo, malori ya mchanga yakome.

Kwa wakulima wa uwele na zabibu, mfano uko Kitui, Kenya: ukuta mfupi hukatiza korongo, mchanga hujaa nyuma yake na kutunza maji yasikaushwe na jua. Hautajaza Makutupora, na asitokee wa kudai hivyo. Utanusuru visima vifupi vya kandokando.

Tena, vipimo vya kina cha maji vibandikwe kila mwezi kwenye ofisi za vijiji, mkulima ajue kabla hajakopa pampu.