MIGUU TUNAYO, TUITUMIE



Siku hizi mtu mzima akitaka kufika ghalani tu, anaita bodaboda. Jioni anapanda tena kwenda kilabuni. Halafu tunasikia: fulani ana presha, fulani kapata kisukari. Eti magonjwa ya watu wa mjini! Sio kweli, yamekwishaingia vijijini.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu toka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Sisi hatuombwi safari hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo. Ni nusu saa kwa siku 5 basi! Misuli ikifanya kazi inatumia sukari iliyomo katika damu, na moyo unapata nguvu.

Akina mama hatuwasemi. Maji na kuni vimewatembeza vya kutosha. Maneno haya yanatuhusu sisi wanaume. Twende nao kisimani, tugawane mizigo.

Bodaboda tuwaachie wagonjwa na wazee wasiojiweza. Mwenye miguu mizima atembee, na nauli ibaki nyumbani.