Chai ya saa nne Masumbwe: sherehekea, ila nawa mikono kwanza

Ukifika Masumbwe asubuhi, kando ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo, harufu ya maandazi inakupokea kabla hujashuka kwenye gari. Ikifika saa nne, mabenchi ya mama lishe yamejaa. Utakuta madereva wa malori ya Rwanda na Burundi, wakulima wa mpunga, waendesha bodaboda na wachimbaji wadogo waliotoka kwenye maduara.

Siku duara likitema, chai hiyo hugeuka sherehe. Mwenye bahati huwaita wenzake, na mezani hushuka supu ya mbuzi, chapati za moto, vitumbua, biskuti za watoto na soda kwa kila mtu. Safu hii haina ugomvi na furaha hiyo, maana anayefanya kazi ngumu ana haki ya kula vizuri. Swali letu ni moja: unachaguaje mgahawa wa kusherehekea?

Wengi tunachagua kwa ukubwa wa chapati. Mimi nashauri tuanze na ndoo ya maji. Mgahawa mzuri una maji yanayotiririka na sabuni mahali ambapo mteja anapaona kabla ya kukaa. Mikono michafu huleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Kwetu kuna jambo la ziada, nalo ni zebaki. Mchimbaji aliyeshika zebaki mwaloni kisha akamega andazi bila kunawa anaila pamoja na andazi lake.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mvuke unaotoka dhahabu inapochomwa. Mvuke huo huvutwa na mapafu, ukadhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo dhahabu isichomwe jikoni, wala karibu na genge la chakula, na chombo kilichochomea dhahabu kisirudi kupikia. Badili nguo za kazi kabla ya kwenda kula au kubeba mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mkataba huo haumnawishi mtu mikono.

Cha pili, tazama karai. Mafuta yanayochemshwa tena na tena huharibika na kutengeneza kemikali zisizofaa kwa moyo na mishipa ya damu. Ukiyaona meusi, yanatoa moshi mwingi au povu, agiza chapati ya kukaangwa kwa mafuta kidogo, au viazi vya kuchemsha.

Cha tatu ni sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi gramu 25, yaani vijiko sita hivi vya chai. Soda moja ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa. Ukiongeza chai ya vijiko vinne na biskuti, umevuka kipimo kabla ya saa sita mchana.

Na kina mama, hasa wajawazito: chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Isubiri kama saa moja. Kwenye supu kamulia ndimu, kwani husaidia chuma cha mboga na maharage kufyonzwa.

Tena sherehe haina lazima ya kununuliwa dukani. Michembe iliyopikwa na karanga, maziwa ya mgando, mayai na papai ni karamu ambayo bibi zetu waliijua vizuri.

Mzigo huu hauwezi kuachiwa mama lishe peke yake. Anaamka saa kumi usiku na mtaji mdogo, na maji ananunua kwa dumu. Halmashauri inayomtoza ushuru impelekee bomba, choo na mahali pa kutupa taka. Maofisa afya wafike kumwelekeza na kuhakikisha wahudumu wanapimwa afya, wasifike kwa faini tu. Wenye makarasha na mialo nao waweke maji na sabuni kabla mtu hajatoka kwenda kula.

Nawe msomaji, duara likitema wiki hii, waite wenzako. Wa kwanza kufika kwenye ndoo awe wewe.