Embe, Ndizi na Mohamed Abdi

Masomo mengi ya YAML huanza na matunda. Andika embe, andika ndizi, weka kistari mbele ya kila moja, hongera, umejua orodha. Halafu ramani: ufunguo, nukta pacha, thamani. Usiguse kitufe cha Tab, tumia nafasi. Basi, eti umeiva.

Maze, hapo hujafunzwa kitu. Alama utazizoea kwa wiki moja. Swali gumu ni hili: data hii ni ya aina gani, na nikikosea, nani ataumia?

Twende Sangailu, kaunti ya Garissa. Jina la Kisomali ni lako, kisha la baba, kisha la babu, na mnyororo unaendelea. Unaitwa abtirsi, na wako watoto wanaoukariri kabla hawajagusa kompyuta. Hiyo ni orodha kamili: badilisha nafasi ya jina moja, umebadilisha mtu. Fomu ya serikali inaukata kwenye jina la tatu na kuliita la familia. Ndiyo maana baba na mwanawe wanaonekana kama wa familia mbili.

Sasa tengeneza faili la wanaoomba basari, jina liwe ufunguo. Kina Mohamed Abdi Ali wako wangapi huko? Kanuni za YAML zinakataza ufunguo kurudiwa, lakini programu nyingi zinazoisoma hazipigi kelele. Zinabaki na wa mwisho, wa kwanza anafutika. Kwenye skrini hakuna kosa. Kuna tu mtoto aliyekosa karo. Dawa ni orodha ya watu, kila mmoja na ramani yake ndani, na namba isiyo ya mwingine.

Msiniambie natia chumvi. Kaskazini Mashariki wako Wakenya waliojiandikisha kambi za Dadaab wakati wa ukame, wakitafuta chakula. Baadaye walinyimwa kitambulisho kwa sababu alama zao za vidole zilikuwa kwenye data ya wakimbizi. Kompyuta haikuamua kwamba aliye huku hawezi kuwa kule. Mtu aliamua.

Kwa hivyo wanaosema haya ni mambo ya vijana wa Nairobi wakome. Anayekariri abtirsi ameshaelewa orodha. Mfundishe kuanzia hapo. Na wewe unayejenga mifumo mjini, achana na matunda. Embe likifutika, hakuna anayelala bila kitambulisho.