Kilichoungua Hakiponi Chenyewe

Pikipiki ikizima ghafla katikati ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, hukumu haichelewi. Hujashusha hata stendi, umeshaambiwa ni betri, ni CDI, ni mvua. Hoja hizi umezisikia, nami nimezisikiliza kwa makini. Naziweka mbele yako moja moja, uamue wewe.

Hoja ya kwanza: pikipiki inayozima na kuwaka ina betri mbovu. Ni kweli betri iliyochoka huleta taabu, lakini dalili zake hazijifichi: asubuhi stata inazunguka kwa uvivu, honi inakwaruza. Haizimi injini kwenye shimo la Gerezani na kuiwasha mita kumi mbele. Tena zipo pikipiki zinazopata moto wa plagi moja kwa moja kutoka koili ya sumaku. Hizo hutembea hata bila betri. Kwa zinazoitegemea, pima. Betri iliyojaa na kupumzika isome volti 12.6 au zaidi kidogo. Injini ikiwa mwendo wa kati, isome kama 14. Ikibaki chini ya 13, chaji haifiki, na betri mpya nayo itakufa vivyo hivyo.

Hoja ya pili: CDI, kile kisanduku kinachoamuru cheche ya plagi, imeungua, na ushahidi ni kwamba ilipobadilishwa, pikipiki ilipona. Ushahidi huu ni dhaifu kuliko yote. Ili abadilishe CDI, fundi amechomoa soketi, ametikisa waya, amechomeka upya. Pini zilizolegea zimekutana. Rudisha ile ya zamani palepale. Injini ikiwaka na kuendelea, CDI haina hatia. Nakubali ipo CDI inayogoma ikipata joto na kurudi ikipoa, lakini hiyo hufuata joto, haifuati kona. Wanaosema imeungua watujibu: kilichoungua kinaponaje kila baada ya dakika tano?

Kona ndiyo kiini cha kesi. Kijiweni karibu na Mtaa wa Lumumba niliona pikipiki ambayo kijana alikwisha kuinunulia betri na CDI. Usukani ukielekea kulia, inaunguruma. Ukikatwa kushoto, kimya. Tulipobandua tepu kwenye shingo ya fremu, ganda la waya lilikuwa zima, lakini ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimebaki mbili, tatu. Waya wa pale hukunjwa kila kona, na bodaboda wa Kariakoo hukata kona kutwa nzima.

Hoja ya tatu: ni mvua tu, ikikauka itapona. Mvua haikuleta ubovu, imeuonyesha. Soketi iliyobana, yenye mpira wake, haizimwi na manyunyu. Maji ya Jangwani wakati wa masika yakiingia kwenye iliyolegea, hukauka na kuacha kutu ya kijani kwenye pini, na hewa ya chumvi ya pwani huiendeleza. Kukauka si kupona.

Hoja ya nne: fyuzi ikikatika mara kwa mara, weka kubwa zaidi au funga kipande cha waya. Hapa wanajipinga wenyewe. Wanakiri kuna shoti, kisha wanamwondoa mlinzi aliyeitolea taarifa. Fyuzi ya ampea 10 imewekwa ikatike kabla waya haujaungua. Weka ya 30, na waya ndio utakaoungua, chini ya tangi la petroli.

Hoja ya tano naiheshimu: kutafuta ubovu kunapoteza muda, na dereva anadaiwa hesabu jioni. Lakini ni hesabu hiyohiyo iliyokwenda kwenye betri, ikaenda kwenye CDI, na pikipiki bado inazima. Jaribio lenyewe ni fupi. Washa injini. Geuza usukani pande zote mbili. Tikisa soketi moja baada ya nyingine, swichi ya funguo, na waya wa hasi pale unapofungwa kwenye fremu. Itakapozima, utajua mkono wako ulikuwa wapi.

Kwa hiyo kabla ya kulipia spea, mwambie fundi aufanye ubovu utokee na utoweke mbele ya macho yako. Asiyeweza, hajaupata bado.