Nani Alipie Taka za Rhondda?

Barabara ya Bwlch hutoka Treorchy, katika bonde la Rhondda, kusini mwa Wales, ikapanda kwa kona kali hadi mgongoni mwa mlima, na huko juu ikagawanyika: tawi moja hushukia bonde la Ogwr, jingine bonde la Afan. Wageni huegesha magari kileleni wapige picha. Kondoo hulala kandokando ya lami bila uzio, na chini kabisa safu za nyumba zilizoshikana hufuata mkunjo wa bonde, ukuta kwa ukuta, kama zilivyojengwa enzi za migodi ya makaa ya mawe. Anayeshangaa kwa nini watu wa Rhondda hukasirika sana mlima wao ukichafuliwa aanze na ramani hiyo. Bonde ni jembamba, nyumba nyingi zina kiua kidogo tu nyuma, na mwenye kutaka nafasi na upepo hupanda juu.

Kwenye barabara za milimani kama hiyo, usiku, mahali pasipo taa wala jirani, ndiko taka hushushwa. Rundo la kawaida halihitaji mpelelezi kulielewa. Godoro lililolowa. Milango ya kabati la jikoni. Ndoo mbili tatu za rangi iliyoganda, vigae vya bafuni, na vipande vya jipsamu vilivyong'olewa ukutani, vimevimba kwa mvua hadi karatasi yake inabanduka. Hapo kuna nyumba iliyofanyiwa ukarabati. Mwenyewe alimpata mtu mwenye kigari cha mizigo, wakapatana bei, akaona uchafu umeondoka mlangoni kwake, yakaisha.

Kisheria hayakuisha. Wales inamtaka kila mwenye nyumba ahakikishe kwamba anayemkabidhi taka amesajiliwa kuzibeba, na tangu 2019 asiyefanya hivyo anaweza kupigwa faini papo kwa papo, faini iliyoanza kwa pauni 300. Aliyezitupa anaweza kufungwa hadi miaka mitano na kutozwa faini isiyo na kikomo. Tangu 2007 upo mpango wa kitaifa, Taclo Tipio Cymru, unaoziunganisha halmashauri, polisi na wakala wa mazingira. Hata hivyo halmashauri za Wales huandikisha takribani visa 40,000 kila mwaka, vingi vikiwa vya taka za nyumbani, na hesabu hiyo inagusa kidogo sana yanayotokea kwenye ardhi ya watu binafsi.

Hapo kwenye ardhi ya watu binafsi ndipo pananiuma zaidi. Taka zikitupwa barabarani, halmashauri hutuma lori, na wananchi wote hulipia kupitia kodi. Zikitupwa hatua chache ndani ya shamba, ni za mwenye shamba. Aziondoe kwa gharama yake, azipeleke kwenye kituo chenye leseni, alipie kwa uzito. Akiziacha, anaweza kuamriwa aziondoe. Mfugaji aliyeamka alfajiri akakuta kondoo wake wanatafuna plastiki hulipa bili ya ukarabati wa bafu ambalo hajawahi kuliona.

Wengi wanaoizungumzia kero hii huiita kero ya tabia: watu wamekosa ustaarabu, wakamatwe, zifungwe kamera. Siwatetei wanaotupa. Lakini ukiyatazama mabonde haya kwa kipindi kirefu kidogo, utaona kwamba bili ya taka imekuwa ikimwangukia anayeishi karibu nazo muda mrefu kabla ya vigari vya mizigo, na mara nyingi kwa kibali rasmi.

Tarehe 21 Oktoba 1966, rundo namba 7 la mabaki ya mgodi liliporomoka juu ya kijiji cha Aberfan, katika bonde la Taff, likaifukia Shule ya Msingi ya Pantglas na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Baraza la uchunguzi likasema waziwazi kwamba lawama ni ya Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, shirika la umma lililolimwaga rundo hilo juu ya chemchemi. Kisha ulipofika wakati wa kuondoa marundo yaliyobaki juu ya kijiji, serikali ilichota pauni 150,000 kutoka mfuko wa michango ya wafiwa. Fedha hizo zilirudishwa 1997, pauni 150,000 zile zile, bila riba. Wazazi waliozika watoto walichangishwa kuondoa uchafu wa shirika lililowaua. Siwezi kuandika habari za taka za mabonde haya nikaipita habari hiyo.

Rhondda wana yao. Dampo la Nantygwyddon lilifunguliwa 1988 mlimani, juu ya vijiji vya Gelli na Ystrad. Lilikuwa halali na lilikuwa na leseni. Pamoja na taka za nyumbani, lilipokea mabaki ya kiwandani yenye kalisi salfeti kwa wingi. Salfeti ikikaa na taka zinazooza mahali pasipo hewa, bakteria huigeuza kuwa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, na watu walikuwa chini. Kwa miaka wakazi walilalamika juu ya harufu, vichwa kuuma, macho kuwasha, na hofu kubwa kuliko zote: watoto wanaozaliwa na kasoro.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la madaktari wa Uingereza ulikuta kwamba kasoro za kuzaliwa zilikuwa nyingi zaidi katika kata zilizo karibu na dampo kuliko kata nyingine zinazofanana nazo. Lakini ulikuta pia kwamba wingi huo ulikuwepo hata kabla ya dampo kufunguliwa. Anayetaka kulitetea dampo anaweza kuushika utafiti huo kama ushindi. Mimi nausoma vingine. Hauthibitishi kwamba dampo lilidhuru watoto, na mwandishi mwaminifu hana ruhusa ya kudai hivyo. Unachoonyesha ni kwamba dampo liliwekwa juu ya watu ambao tayari walikuwa na mzigo mzito wa maradhi. Wakazi waliunda kundi lao la upinzani, wakazuia malori yasiingie. Bunge la Wales, lililokuwa changa wakati huo, liliagiza uchunguzi huru. Ripoti ilitoka mwishoni mwa 2001, na mwaka uliofuata dampo likafungwa.

Sasa rudi kwenye lile rundo la barabarani ukitazame tena kipande cha jipsamu. Jipsamu ni kalisi salfeti, yaani kitu cha jamii ile ile iliyoinukisha Nantygwyddon. Kwa sababu hiyo, sheria hairuhusu kuichanganya damponi na taka zinazooza; lazima itengwe, ishughulikiwe peke yake, na wenye makontena ya taka hutoza zaidi kuibeba. Ni sheria nzuri, na watu wa mabonde waliilipia kwa pua zao. Lakini tazama inavyofanya kazi kwa fundi mdogo. Jana jipsamu ilikuwa taka kama taka nyingine. Leo ni taka ya bei ghali, na mlima uko dakika kumi, bure.

Hilo ndilo gumu katika swali hili, na wanaotaka adhabu tu hawalifikii. Kodi ya dampo ilianza Uingereza mwaka 1996 kwa pauni 7 kwa tani. Wales ilipoanza kutoza kodi yake yenyewe mwaka 2018, kiwango kilikuwa kimepanda mara nyingi zaidi, na mwaka wa fedha 2024/25 kilifika pauni 103.70. Kodi hiyo imesaidia kuleta mageuzi makubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wales ilirejeleza chini ya asilimia 5 ya taka zinazokusanywa na halmashauri. Leo ni zaidi ya asilimia 65, kiwango ambacho nchi chache sana duniani zimekifikia. Mabaki ya chakula hukusanywa kila wiki. Mifuko ya plastiki ilianza kulipiwa 2011, kabla ya nchi nyingine za Uingereza. Anayedai turudi kwenye dampo la bei rahisi anawaomba wakazi wa Gelli warudi 1988, na sijamsikia aliyejitolea kuishi chini yake.

Lakini kila pauni inayoongezwa kwenye lango la dampo huongeza faida ya asiyepita langoni. Waliotunga kodi ya Wales walilijua hilo, wakaweka kifungu cha maana sana: taka zilizotupwa pasipo kibali hutozwa asilimia 150 ya kiwango cha kawaida. Kwa marundo makubwa ya wahalifu waliojipanga, ambako mashamba mazima hugeuzwa madampo ya siri, hicho ni chombo chenye makali. Kwa godoro moja na magunia sita ya kifusi, hakuna wa kumtoza. Mtupaji alishaondoka.

Wapo wanaolaumu ratiba za kukusanya taka. Halmashauri ya Rhondda Cynon Taf ilihamia mwaka 2023 kwenye kukusanya taka zisizorejelezwa kila baada ya wiki tatu, na malalamiko yakawa mengi. Familia kubwa kwenye nyumba ndogo ina haki ya kulalamika. Ila mlango wa kabati na vigae havikuwahi kuingia katika pipa la nyumbani, liwe linachukuliwa kila wiki au kila mwezi. Kigezo changu ni kile kilichomo ndani ya rundo, na kilichomo ni vitu vikubwa ambavyo siku ya kuvinunua kila mtu alipata chake isipokuwa atakayevizika. Kiwanda kilipata, duka lilipata, fundi alipata.

Ufaransa walilitazama jambo hili upande huo. Tangu 2013 anayenunua kitanda, kochi au godoro jipya hulipa dukani mchango wa euro chache, na fedha hizo hugharimia kukusanya na kurejeleza samani kuukuu. Kwa hiyo siku godoro linapochoka, gharama yake imekwisha kulipwa na hakuna anayefaidika kwa kulipandisha mlimani. Wales haina utaratibu kama huo kwa magodoro. Kulichukua nyumbani kwako ni huduma ambayo halmashauri nyingi huitoza, na kulipeleka kituoni kunahitaji gari, wakati mabonde haya yana kaya nyingi zisizo nalo. Kwa mtu wa namna hiyo, jirani mwenye kigari ndiye huduma iliyopo.

Nitaulizwa: mchango huo hautamwumiza maskini wa Rhondda? Utaongeza bei ya godoro, ndiyo. Lakini maskini huyo analipa tayari. Analipa kupitia kodi ya halmashauri inayosafisha barabara, analipa ada ya kuchukuliwa vitu vikubwa, na analipa kwa mlima ambao mtoto wake hawezi kupita bila kukanyaga vioo. Pauni chache siku ya kununua ni nafuu kuliko hizo zote, mradi halmashauri iache kutoza mlangoni kile ambacho duka limekwisha kutoza.

Usajili wa wabebaji taka nao unahitaji kukazwa. Kwa sasa mtu hujaza fomu, hulipa ada, na hapimwi ujuzi wowote. Kumwambia mama wa miaka sabini ahakikishe usajili wa kijana aliyekuja na kigari, huku usajili wenyewe ukithibitisha kidogo namna hiyo, ni kumtwika kazi ya dola. Mfumo wa kidijitali wa kufuatilia taka tangu zinapotoka hadi zinapofika umeahidiwa Uingereza nzima na kuahirishwa zaidi ya mara moja. Ukifika, uanze na hawa wadogo wenye vigari, maana viwanda vikubwa vina makarani wa kujaza fomu.

Na fedha za kusafisha ziwekwe mapema, kabla mchafuaji hajaondoka. Ffos-y-fran, juu ya mji wa Merthyr Tydfil, ni ushahidi wa karibuni. Mgodi huo wa wazi ulianza 2007 kwa ahadi kwamba ardhi itarudishwa kuwa malisho kazi ikiisha. Uliposimama mwishoni mwa 2023, akiba iliyokuwepo ilikuwa takribani pauni milioni 15, huku makadirio ya kurudisha ardhi yakianzia milioni 50 na kupanda hadi zaidi ya milioni 100. Shimo limebaki, linajaa maji. Ni jambo lile lile la godoro, limekuzwa tu: fedha zilitakiwa mwisho, wakati wa kuzidai ulikuwa mwanzo.

Mwaka 2025 Senedd, yaani Bunge la Wales, ilipitisha sheria ya kusimamia marundo ya migodi na machimbo yaliyoachwa, na kuunda mamlaka mahususi kwa kazi hiyo. Mabaki ya makaa peke yake yana marundo zaidi ya 2,500 nchini Wales, na lile la Tylorstown, Rhondda, liliporomoka Februari 2020 baada ya mvua kubwa. Sheria hiyo ilihitajika. Lakini anayelipia ni mlipa kodi wa leo, kwa makaa yaliyouzwa na kuchomwa karne iliyopita. Taka ziko chini ya mamlaka ya Senedd hiyo hiyo, hivyo hiyo ndiyo ya kudaiwa iamue kwamba mchango wa samani utozwe dukani, na kwamba sehemu yake itengwe kwa ajili ya mfugaji anayekuta rundo la mtu mwingine ndani ya malisho yake. Fungu hilo la mfugaji ndilo ningelidai kwanza, kwa sababu yeye ndiye pekee katika mlolongo huu mzima ambaye hakununua, hakuuza, hakubeba wala hakutupa.