“Jikaze” Si Dawa

Miaka michache iliyopita nililazwa juu ya meza ya upasuaji, taa kubwa zikinimulika usoni. Mtaalamu wa usingizi alichukua bomba la sindano lenye dawa nyeupe kama maziwa, akaanza kuisukuma katika mshipa wa mgongo wa kiganja changu. Mkono uliwaka moto hadi begani. Nilipoguta, nikajibiwa: “Jikaze mzee, sasa hivi utalala.” Kweli nililala. Lakini neno lile niliamka nalo.

Dawa ile huitwa propofoli. Inapendwa kwa kuwa humlaza mgonjwa upesi na kumwamsha akiwa na akili timamu. Kasoro yake moja ni kuchoma inapoingia mshipani, na kasoro hiyo si siri. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, ulikusanya tafiti 177 zenye wagonjwa zaidi ya 25,000. Ulionyesha kwamba, wasipokingwa, takribani wagonjwa 6 kati ya 10 huumia.

Kinga pia ilitajwa. Ya kwanza ni kutumia mshipa mpana wa kwenye kikunjo cha kiwiko badala ya mishipa myembamba ya kiganja. Ya pili, endapo kiganja ndicho kitakachotumika, ni kuufunga mkono kwa mkanda, kutanguliza lidokaini, ganzi wanayoitumia madaktari wa meno, kungoja kitambo, kisha kufungua mkanda na kuendelea.

Nitaambiwa kwamba katika nchi yenye uhaba wa wataalamu wa usingizi, kulalamikia maumivu ya nukta chache ni anasa. Naiheshimu hoja hiyo. Usalama wa pumzi na moyo wa mgonjwa hutangulia yote. Hata hivyo, kuchagua mshipa hakuhitaji bajeti mpya, na lidokaini ni dawa ya bei nafuu iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kinachopungua hapa ni mazoea ya kuyahesabu maumivu ya mwingine kuwa ni jambo.

Hapo ndipo suala hili linapotoka chumba cha upasuaji na kuingia katika siasa. “Jikaze” ndilo jibu apewalo mama katika wodi ya uzazi, mzee katika foleni ya pensheni na mwanafunzi asiye na dawati. Tumeufanya uvumilivu wa raia kuwa mbadala wa wajibu wa mtoa huduma. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nimekilalia.

Basi, msomaji wangu, siku utakapofikwa na zamu yako, uliza kwa adabu kabla ya sindano: “Mtanikingaje na maumivu ya dawa hii?” Kuuliza si utovu wa heshima. Ni haki ya aliye macho, kabla hajalazwa.